Kompyuta Iliyoishi Jumanne

Mimi hakuna kitu kinachoweza kunishangaza. Nalisema hilo mwanzoni kabisa ili tuelewane. Nilizaliwa kwenye kambi ya mkonge, mjukuu wa mtu aliyekuja kukata mkonge na akasahau njia ya kurudi kwao. Shule niliishia darasa la tano, na hilo la tano lenyewe sikulimaliza. Nimeuza mahindi ya kuchoma kwenye madirisha ya mabasi pale Mkata, nimebeba mitumba begani nikiitembeza vijijini, na cherehani nilijifunza kwa kusimama mlangoni kwa fundi mmoja, nikimwangalia mikono na miguu mpaka akanifukuza. Siku aliyonifukuza nilikuwa nimeshajua. Ada sikulipa. Leo nina chumba changu cha kazi Handeni mjini, cherehani nne za miguu, moja ya umeme, na ile yenye heshima kuliko zote, mashine ya kudarizi inayoongozwa na kompyuta. Watoto wengi wa shule unaowaona na beji kifuani, kuanzia huku kwetu mpaka kule milimani kwenye baridi, beji zao zimepita kwenye sindano yangu. Wenye vyeti wapo, na kazi wananiletea mimi.

Kwa hiyo mama mmoja wa Dindira aliponipigia simu kuniambia kwamba shule imebadilisha nembo, nilimjibu vile ninavyowajibu watu wote.

"Lete tu, mama. Kwangu hakuna linaloshindikana."

"Ni nembo mpya kabisa, baba. Ina kitabu, ina ua la chai, halafu maandishi yanazunguka."

"Hata kama ina basi na abiria ndani. Lete."

Huyu mama ni mtu mzima, mimi namwamkia. Yeye na wenzake wanne wanafuma sweta kwa mashine za mkono huko juu, ambako asubuhi ukungu unaingia mpaka jikoni. Wakimaliza wanazishusha Korogwe, zinanifikia Handeni kwa basi, naweka beji, zinarudi. Tumefanya hivyo miaka mingi bila kuandikishana. Safari hii walikuwa wamefuma sweta mia mbili na arobaini, za kijani kilichokolea na mistari miwili ya njano shingoni. Hakuna shule nyingine inayovaa hivyo. Uzi walikuwa wamenunua kwa hela zao za kuchuma chai. Na mkuu wa shule alikuwa amewaambia wazi: Jumatatu ya kufungua shule anataka sweta zote ziwe na nembo mpya, la sivyo atachukua za mfanyabiashara wa mjini ambaye alikuwa ameshaleta sampuli. Sasa sweta mia mbili na arobaini za kijani na njano, zisizo na nembo, utamuuzia nani? Hata mbuzi huwezi kumvisha.

Nembo ilinifikia Alhamisi, ndani ya flashi. Zilikuwa zimebaki siku kumi na moja. Mtaalamu fulani wa mjini alikuwa ameshaichora na kuipanga mishono yote, kazi yangu ilikuwa kuifungua na kubonyeza. Nikaichomeka. Programu yangu ikafikiri, ikafikiri tena, kisha ikatoa kisanduku kidogo chenye alama nyekundu. Kwa Kiingereza changu cha kubahatisha nikaelewa kwamba faili limetengenezwa na toleo jipya kuliko hilo langu, nikatafute apdeti.

Kwanza nilijaribu ubabe. Nikaichora nembo mwenyewe, kwa jicho, nikaidarizi kwenye kipande cha kitambaa. Kitabu kilitoka vizuri. Maandishi yakapanda na kushuka kama barabara ya Bungu kule milimani. Ua la chai likatoka kabichi. Mke wangu akalitazama akaniuliza, "Hii ni shule ya wauza mboga?" Nikakitupa kile kitambaa.

Kompyuta yangu nayo ni ya zamani. Mfumo endeshi wake, ile window inayowaka kwanza kabla ya kitu kingine, ni wa siku nyingi, wenyewe waliouunda walishauacha. Usiniulize kwa nini sikuibadilisha. Mashine ya kudarizi inaongea na kompyuta kupitia waya mnene wenye meno ishirini na tano, na kompyuta za siku hizi hazina hata tundu la kuuchomeka waya huo. Ukibadilisha kompyuta, umebadilisha mashine. Ukibadilisha mashine, umeuza nyumba. Kwa hiyo nilichohitaji ni apdeti mpya ya kutosha kulifungua ua la chai, na ya zamani ya kutosha kukubaliwa na kompyuta yangu. Nilidhani ni kazi ya asubuhi moja.

Nikaenda kwenye duka la stesheneri na intaneti, mtaa wa pili kutoka kwangu. Dada wa pale ananifahamu.

"Shikamoo, baba."

"Marahaba. Nataka apdeti."

"Apdeti ya nini?"

Nikamweleza. Akaandika jina la programu, akaufungua ukurasa wa wenyewe walioitengeneza, akashuka chini, akashuka tena. Kulikuwa na toleo jipya linalong'aa, la kompyuta mpya. Yale ya nyuma yalikuwa yameondolewa.

"Baba, hii window yako mimi niliikuta shuleni ikiwa inaondoka."

"Mimi mwenyewe ni wa siku nyingi, na nafanya kazi."

Akacheka, akaendelea kutafuta. Tukaingia kwenye kurasa za watu wengine, wale wanaohifadhi vitu vya zamani. Huko ni soko la usiku bila taa. Kila ukurasa una vifungo vitano vikubwa vya kijani, kila kimoja kinasema pakua hapa, na cha kweli ni kile kidogo cha kijivu kilichojificha pembeni. Sikuweza kukaa. Nilikuwa nasimama, natoka nje, naangalia barabara kana kwamba apdeti itashuka kwenye bajaji, narudi, naegemea meza. Nyuma yangu watu wa kutoa kopi wakaanza kujaa na vyeti vyao vya kuzaliwa mkononi.

"Huyu mzee anapakua dunia nzima?" mmoja akauliza.

"Napakua na wewe," nikamjibu. "Subiri zamu yako."

Hayo yalikwenda siku mbili nzima. Bando likiisha naongeza, mtandao ukikatika nauapiza. Jumamosi jioni nikarudi nyumbani na mafaili matatu kwenye flashi. La kwanza likakataa hapohapo, likitaka window mpya. La pili lilifunguka, nikapiga makofi kwa furaha, kumbe ni takataka. Kioo kizima kikajaa matangazo ya dawa za kupunguza tumbo na hali ya hewa ya mji ambao sijui uko nchi gani, na kila nikifunga moja zinazaliwa mbili. Jumapili yangu yote ilikwenda kwa kulisafisha hilo. La tatu lilikuwa lenyewe. Toleo la mwisho kabisa lililotengenezwa kwa ajili ya window yangu. Lakini lilikuwa dogo mno, kifaili cha mlangoni tu. Nilipolibonyeza likasema linataka kuingia mtandaoni, lenyewe, likavute mzigo wote uliobaki.

Na hapo ndipo nilipoondoa mkono kwenye kibodi. Lazima niseme sasa jambo ambalo kwa miaka sita sikumwambia mtu, hata mke wangu.

Mtu wa Tanga aliyeniuzia mashine aliniuzia na kompyuta, na programu ndani yake. Siku ya kukabidhiana alifunga mlango akaniambia kwa sauti ya chini: programu hii ni ya majaribio, ya siku thelathini, lakini haina akili, inachojua ni tarehe ya kompyuta tu. Kila asubuhi kabla hujaifungua, irudishe tarehe kwenye Jumanne ya leo. Itabaki siku ya tatu ya majaribio mpaka uzeeke. Ila siku utakayoifungua ikiwa na tarehe ya kweli, imekufa, na hutaifufua. Na usithubutu kuiingiza mtandaoni.

Basi kwa miaka sita, kabla ya chai, nilikuwa naingia chumba cha kazi, nawasha, narudisha Jumanne. Idi ilikuwa Jumanne. Krismasi ilikuwa Jumanne. Asubuhi baada ya kumzika mama yangu niliingia kutimiza oda ya watu, na kwenye pembe ya kioo kile ilikuwa Jumanne ileile. Sitajifanya kwamba niliona aibu. Nilijiona nimewazidi akili waliosoma wote.

Sasa nilikuwa nimebanwa. Nikawaza: nikiingia mtandaoni tarehe ikiwa bado Jumanne, programu haitajua kitu. Nikaiunganisha kompyuta na simu yangu, nikalibonyeza lile faili dogo. Likakataa. Nikafungua ukurasa wa wenyewe. Ukatoka umeandikwa maneno mekundu kwamba njia si salama. Nikajaribu ukurasa wa habari, hata huo mekundu. Ukurasa wa mpira, mekundu. Nikasema ni uzee wa kompyuta. Nikaizima nikaiwasha. Nikabadilisha laini. Jumatatu ikaisha hivyo, Jumanne ya kweli nayo ikaisha hivyo.

Yule mama alikuwa anapiga simu kila siku asubuhi, wakati ule ambao mtandao wa kwao unashika.

"Baba, zimefika wapi?"

"Tuko pazuri, mama."

"Nikuletee sweta zenyewe sasa?"

"Ngoja kidogo, naweka mambo sawa."

"Unaweka mambo sawa tangu Ijumaa." Nikasikia kuku wake nyuma ya simu. "Wenzangu wananiuliza mimi. Ni mimi niliyewaambia wanunue uzi."

Baada ya simu hiyo sikuweza kula. Nilikuwa nazunguka uani kama mtu aliyepoteza funguo. Hesabu ya sindano ilikuwa inanitafuna: beji moja dakika saba, sweta mia mbili na arobaini, hiyo ni saa ishirini na nane za sindano bila kupumua, na kichwa cha mashine ni kimoja. Mke wangu akaniambia, "Baba watoto, ama ukae, ama uende mahali. Umenichimbia njia kwenye kiwanja."

Nikaenda mahali. Alhamisi alfajiri niliifunga kompyuta ndani ya blanketi na kitenge, nikaikatia siti yake kwenye basi la Korogwe, nikaipakata hata hivyo. Njia nzima, tulipopita Misima watu wakipanda na magunia yao, nilikuwa nasikiliza ndani ya blanketi kama mtu anayesikiliza kifua cha mgonjwa. Nilikuwa nimeshampigia yule mama nikamwambia nitakuwa Korogwe kwa fundi fulani, kila kitu kiko tayari, namalizia kitu kidogo. Kwa nini nilisema hivyo sijui. Mdomo wangu umezoea.

Fundi mwenyewe yuko karibu na stendi. Ni mtu wa rika langu, ana kofia ya kufuma na miwani iliyofungwa na waya, na ukuta wake wote ni matumbo ya kompyuta. Tulianza kwa kupimana.

"Mimi nilianza na redio za mkulima," akasema, "zile za betri nne."

"Mimi nilianza na mahindi ya kuchoma."

"Hayo hayana waya, bosi."

"Ndiyo maana sikuishia kwenye kibanda."

Akacheka sana, tukawa marafiki. Akaiwasha. Jicho lake la kwanza likaenda pembeni pale penye tarehe. "Saa yako imelala," akasema, akairekebisha kwa vidole viwili kabla sijafumbua mdomo. Kisha adhana ya adhuhuri ikaita. Akavaa kandambili. "Usiguse kitu, nakuja sasa hivi."

Nikabaki peke yangu na kompyuta yenye tarehe ya kweli. Ndugu msomaji, nielewe. Nilikuwa na uhakika akirudi ataifungua programu aione ilivyo, na ikifunguka hivyo imekufa, na sweta zimekufa nayo. Nikaivuta kibodi. Nikarudisha Jumanne.

Fundi akarudi, akakaa, akafungua ukurasa. Mekundu. Akaangalia pembeni.

"Ajabu. Saa hii si nimeirekebisha?"

"Uzee," nikasema.

"Betri ya ndani imekufa," akasema, na kwa kweli lilikuwa wazo la mtu anayejua kazi. Akafungua boksi, akatoa kile kibetri cha duara, akatoka kwenda kununua kipya duka la jirani. Akakiweka, akafunga, akarekebisha tarehe.

Wakati huo ndipo yule mama alipoingia. Alikuwa ameteremka kutoka Dindira na marobota mawili ya sweta juu ya pikapu, amejifunga kanga kiunoni, vumbi mpaka kwenye nyusi.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, baba. Nimeona nizilete mwenyewe. Umesema tayari." Akakaa kwenye benchi, marobota miguuni mwake, akatazama. Akaanza kuhesabu mafundo ya kamba kwa kidole. Ni afadhali angenigombeza.

Fundi akatoka mlangoni kumjibu mtu aliyeleta simu iliyoingia maji. Sekunde kumi hizo. Mkono wangu ukaenda wenyewe. Jumanne.

Akarudi. Mekundu. Akaivua miwani, akaifuta, akaivaa.

"Hata betri mpya? Haiwezekani. Wameniuzia mbovu." Akatoka tena, kwa hasira sasa, tukamsikia kwa jirani akigomba mpaka wakampa nyingine. Akaja, akafungua boksi mara ya pili, akaweka betri ya pili, akarekebisha tarehe mara ya tatu. Akapiga kofi mezani. "Sasa irudi nyuma tuone." Akageuka kuchukua bisibisi iliyoanguka.

"Baba," yule mama akaniita kutoka kwenye benchi. Mkono wangu ulikuwa hewani. "Mbona unaigusa hiyo kompyuta kila fundi akigeuka?"

Nikaushusha, nikashika ukingo wa meza.

"Fundi," akasema, "betri za watu hazina kosa. Wala jirani yako usimgombeze. Ni huyu anayeirudisha. Nimemwona mara moja nikadhani anafuta vumbi. Hii ni ya pili. Mimi nahesabu siku, Jumatatu shule inafunguliwa, mwenzangu anazirudisha?"

Kulikuwa na mteja mlangoni, yule wa simu ya maji. Akasema, "Haa!" Simu yake ilikuwa imeshapokelewa, lakini akakaa.

Fundi akanitazama, akaitazama kompyuta, akanitazama tena. Kisha akaanza kucheka, cheko la polepole lililoanzia tumboni.

"Bosi. Nimegombana na jirani yangu kwa sababu ya kidole chako?"

Nikasema yote. Ya mtu wa Tanga, ya siku thelathini, ya miaka sita. Nilisema nimesimama, kwa sababu kukaa kulinishinda. Nilitegemea yule mama atanitukana, au atalia. Alikuwa ananisikiliza tu, kidevu kwenye kiganja.

"Kwa hiyo wewe unaishi Jumanne," fundi akasema. "Ndiyo maana. Sikiliza. Kila ukurasa wa mtandao una kitambulisho, kina siku ya kuanza na siku ya kwisha. Wewe unabisha hodi ukiwa na tarehe ya miaka sita nyuma, siku ambayo kitambulisho chao hakijazaliwa. Kompyuta yako inakiona ni cha uongo, inafunga mlango. Apdeti ipo. Imekuwepo wiki nzima. Wewe ndiye hukuwepo."

"Na apdeti ikijisimika kwa tarehe ya kweli, itaiamsha programu, nayo inakufa."

"Inakufa."

"Na ikifa," mama akauliza, "dawa yake ni nini?"

"Kuinunua, mama. Kama watu wanavyonunua vitu."

Akaniangalia. Hakuniambia inunue. Angeniambia, labda ningebisha, mimi ni mtu wa kubisha. Aliinama tu akakaza kamba ya robota iliyokuwa imelegea.

Nikatoka nje. Nikaenda mpaka kona ya stendi, nikarudi, nikaenda tena. Mimi ambaye sikulipa ada ya ufundi, sikulipa ada ya shule, nilikuwa nimejenga jina langu lote juu ya kutokulipa. Nikakipiga teke kipande cha muwa. Nikarudi ndani.

"Weka Alhamisi," nikamwambia fundi. "Na kibodi iweke mbali na mimi."

Akaweka. Akabonyeza lile faili dogo, na safari hii mlango ukafunguka. Mstari wa kijani ukaanza kutambaa. Ulifika katikati mtandao ukakatika, ukaanza upya. Ukafika karibu na mwisho, umeme ukapepesa, sisi wote tukasimama pamoja na yule wa simu ya maji, ukarudi. Saa mbili nzima. Nilikunywa chai vikombe vinne bila kujua nakunywa nini. Mwishoni ikajisimika, fundi akaifungua, na kama tulivyojua, ikatoa kufuli: muda wa majaribio umekwisha, weka namba ya leseni.

Fundi akampigia wakala wa Dar. Akaongea naye kitaalamu, akacheka naye, akaandika kiasi kwenye kiganja chake akanionyesha bila kutamka. Nikalipa kwa simu. Sikuomba punguzo, na hilo najisifu. Baada ya dakika kama ishirini namba ikaja kwa ujumbe, ndefu, herufi na tarakimu zimechanganyika. Macho ya fundi yalikuwa yamechoka na mimi herufi ndogo zinanikimbia, kwa hiyo yule mama ndiye aliyesoma, moja moja, kwa sauti ya mtu anayeita mahudhurio darasani, fundi akiandika. Yeye alimaliza la saba.

Kisanduku kikaondoka. Nikaichomeka flashi. Ua la chai likafunguka kwenye kioo, jeupe, na kitovu chake cha njano, na maandishi yanazunguka bila kupanda wala kushuka.

"Enhe," mama akasema. "Hilo ndilo tunalolichuma majani yake."

Sisi watatu, yaani mimi, yeye na kompyuta, tulipanda basi la mwisho la jioni kurudi Handeni, marobota kwenye buti. Tangu usiku ule mpaka Jumapili sindano haikupumzika ila kwa kubadilisha uzi na kwa usingizi wa saa chache. Mama alikaa na mke wangu kwenye mkeka wakikata nyuzi zinazoning'inia kwa mikasi midogo, wakinisema kana kwamba sipo.

"Nyumbani naye yuko hivi?"

"Nyumbani ni zaidi. Kuna sufuria aliiziba mwenyewe mwaka juzi, mpaka leo haruhusu mtu kusema inavuja."

Jumamosi umeme ulikatika mchana, nikakodi jenereta ya mchomelea vyuma wa jirani, na kelele zake zilikuwa tamu masikioni mwangu. Sweta ya mia mbili na arobaini ilitoka Jumapili asubuhi ikiwa bado na joto la mashine. Nikamsindikiza mama stendi na marobota yake. Jumatatu alinipigia wakati ule mtandao wao unaposhika, nyuma yake kuna kelele za watoto wengi. Mkuu wa shule alikuwa amezipokea zote, na yule mfanyabiashara wa sampuli alikuwa ameambiwa ahsante. Wenzake walikuwa wameshagawana hela ya uzi.

Lakini pale stendi, kabla basi halijaondoka, alikuwa ameniuliza.

"Ile leseni ilikuwa shilingi ngapi, baba? Tukugawie mzigo."

"Kitu kidogo tu, mama."

"Kidogo ni ngapi?"

"Elfu sitini."

Akafungua pindo la kanga, akahesabu thelathini, akanisukumia. Nikairudisha kwenye pindo nikalifunga mwenyewe. Akaniangalia kwa jicho lilelile la kule kwenye benchi, lakini akaliacha.

Mke wangu naye nilimtajia nusu. Fundi anajua sehemu yake tu. Kwa hiyo naandika hapa kwa mara ya kwanza, nauli zote, bando zote, betri mbili, ujira wa fundi, jenereta na leseni: shilingi milioni moja, laki tisa, elfu themanini na nne na mia tano.